Kwa Nini Bajaji za Itunduma Huvaa Njuga

Sogeeni karibu, nisipaze sauti. Zamani gari likinguruma ng'ambo ya mlima, watu wa Itunduma walijua linakuja. Mbuzi waliondoka njiani. Hata Bi Sekela, mfumaji wa mikeka asiyeona, alisubiri lipite ndipo avuke peke yake.

Kisha zikaja bajaji za umeme. Wa kwanza kupata moja alikuwa Atuganile, naye aliipendea ukimya wake: abiria walizungumza bila kupayuka, vichanga hawakushtuka usingizini.

Asubuhi moja ya siku ya gulio aliteremka na magunia matatu ya mpunga. Akamwona Bi Sekela kando ya barabara, mikeka kwapani, ametega sikio. Atanisubiri, aliwaza Atuganile. Lakini Bi Sekela hakusikia kitu. Akaingia barabarani.

Atuganile akapiga honi. Bi Sekela akaganda palepale katikati, asijue hatari inatoka upande gani. Breki zikashika, mzigo ukasukuma, bajaji ikaserereka. Atuganile akakata usukani. Gurudumu likapanda mikeka iliyomponyoka mama yule, kisha bajaji ikalala mtaroni.

Atuganile akatoka akitambaa, goti linavuja damu. "Mama! Nimekuumiza?"

"Sijaumia. Ila umetokea wapi, mwanangu? Mbona nilisikiliza?"

Atuganile akainama, akaokota mikeka.

Jioni wazee walitaka bajaji hizo zipigwe marufuku. Madereva wakasema Bi Sekela atafutiwe mtu wa kumshika mkono. Mwenyewe akakataa katakata. "Nimevuka hapa miaka thelathini. Honi inanishtua tu. Nataka nijue mko wapi, na mnakuja kwa mwendo gani."

Kesho yake Atuganile akaomba njuga kwa wacheza ngoma, akazifunga magurudumuni. Bi Sekela akasema atazijaribu yeye, si mwingine, akasimama katikati ya barabara ileile. Atuganile akateremka. Watu walishika vinywa. Njuga zikalia, kwa kasi mteremkoni, polepole kwenye kona. Bi Sekela akanyoosha kidole, kikaifuata bajaji bila kukosea. Ilipokaribia akarudi nyuma hatua tatu, ikampita.

"Sasa nakuona," akasema.

Na tangu siku hiyo, bajaji za umeme za Itunduma huvaa njuga. Dereva mgeni akiuliza ni za nini, huambiwa ashuke, asimame kando ya barabara, afumbe macho, kisha ajaribu kuvuka.