Nguchiro na Magoti ya Bi Kidawa

Hapo zamani za kale, wanangu, vifaru walipokuwa na nyumba za udongo, vitanda vya kamba na wakwe wa kugombana nao, aliishi kifaru mmoja aitwaye Bi Kidawa.

Vifaru walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, mke wa mwana akishika mimba, bibi mtarajiwa hulazwa mkekani. Haendi kisimani, hatwangi, hafagii. Huletewa maandazi na uji wa nazi, na kupepewa. Bibi mnene ni heshima ya ukoo. Ya pili, siku mtoto anapotolewa nje kwa mara ya kwanza, bibi mzaa baba humpokea mlangoni, huchuchumaa naye, humgusisha nyayo ardhini, kisha husimama mwenyewe bila kushikwa mkono. Akisimama, yeye ndiye anayempa mtoto jina. Akishindwa, jina hutolewa na bibi mzaa mama.

Hakuna kifaru aliyewahi kuona kwamba desturi ya kwanza inaiharibu ya pili.

Mke wa mwanawe aliposhika mimba, Bi Kidawa alilazwa mkekani. Alitaka jina moja tu, Sikudhani, jina la marehemu mama yake. Katika ukoo mzima hapakubaki mtu wa kuitwa hivyo. Kila jioni alilitamka kimya kimya, lisije likapotea.

Asubuhi moja akajaribu kuinuka mkekani aende uani. Ko! likalia goti la kulia. Kwa! likajibu la kushoto. Akarudi chini, tifu! Vyungu vikatikisika jikoni.

Mkwe mwenzake, Bi Tamasha, mama wa yule mke mjamzito, alikuwa amekuja kumtazama. Alikuwa kifaru mwembamba, mwenye maneno mengi.

"Pole, mkwe wangu," akasema, huku akitafuna andazi la mwenzake. "Usijitese. Jina nitatoa mimi. Mtoto ataitwa Tamasha Mdogo."

"Tamasha mmoja anatutosha," akajibu Bi Kidawa.

Lakini mgeni alipoondoka, machozi yalimtoka. Ndipo akasikia sauti kutoka uvunguni mwa kitanda.

"Hodi, mama!"

"Hodi gani hiyo ya uvunguni? Toka!"

Akatoka Nguchiro, masharubu yamejaa vumbi. Alikuwa ameingia kutafuta mayai, ila hilo hakulisema. Wala hakusema kwamba nyumba yake ya nyasi kule mlimani ilikuwa imesombwa na mvua, na kwamba aliyatamani mawe ya bondeni lakini hakuwa na nguvu za kuyapandisha mlimani.

"Mimi ni mganga wa magoti," akasema. "Mganga hapiti mlangoni. Mlangoni hupita wagonjwa."

Akatega sikio kwenye goti. "Mmm! Linasema."

"Linasema nini?"

"Linamshtaki mwenye nyumba. Mama, nyumba yako hii imesimamishwa na nini?"

"Na nguzo."

"Na nguzo zinashikwa na nini zisiyumbe?"

"Na kamba."

"Basi! Mifupa yako ndiyo nguzo, misuli ndiyo kamba. Wewe umejaza magunia darini, na kamba umeziacha zilegee mkekani. Ukiinuka, nguzo zinasagana pale zinapokutana. Ko! Kwa!"

"Kumbe! Basi kuanzia leo sili kitu. Nitakonda niwe kama Bi Tamasha."

Nguchiro akaruka kwa hofu. Mchukuzi mwenye njaa angebeba mawe gani?

"Hasha, mama! Ukijinyima kila kitu, magunia yataondoka pamoja na kamba. Bi Tamasha ni mwembamba, lakini hukumwona leo? Kainuka kwa kujivuta ukutani. Kula kunde, kula maharage, kunywa maziwa. Maandazi tu ndiyo dawa haiyapendi."

"Nitayatupa."

"Usitupe! Nipe mimi nikayazike."

Kisha akaeleza dawa yenyewe. Iko bondeni, ndani ya kikapu chenye kifuniko. Mgonjwa huibeba mwenyewe kichwani mpaka kwa mganga mlimani. Haruhusiwi kufunua, kwani ikiona jua inakufa. Akifika huchuchumaa kwa adabu, huitua polepole, kisha husimama.

"Na nikishindwa kusimama?"

"Mwanzoni shika mti. Dawa si mbishi."

Kesho yake Bi Kidawa akashuka bondeni, huku majirani wakimchungulia madirishani. Bibi mtarajiwa anatembea! Aibu gani hii! Yeye akabeba kikapu kidogo, akapanda, haa, haa, haa, mpaka juu. Akakumbatia mti, akachuchumaa, akatua, akainuka. Ko! Kwa!

"Dawa yenyewe nyepesi," akasema akihema.

"Bado changa. Itakua."

Nayo ilikua. Kila baada ya siku kadhaa kikapu kilizidi uzito kidogo. Siku moja, kwa tamaa ya kupona haraka, alibeba vikapu mfululizo mpaka goti likavimba kama boga. Nguchiro akamkemea.

"Dawa nayo hulala, mama! Kamba hukazika mtu akipumzika."

"Mganga, mbona dawa hii inanichoma utosini?"

"Ndiyo dawa bora, ile isiyo na kona haifai."

"Na nyuma ya uzio wako unajenga?"

"Ah, waliopona huleta shukrani zao."

Miezi ikapita. Kanga iliyokuwa ikimbana ilianza kuzunguka kiunoni mara mbili. Lakini alipokaa kwenye benchi, benchi lililia vilevile, krii!

"Mganga, umenidanganya! Uzito wangu haujashuka sana."

"Wa nini ushuke wote? Magunia yamepungua, kamba zimeongezeka. Hebu minya paja."

Bi Kidawa akaminya. Paja lilikuwa gumu kama kinu. Akacheka peke yake njia nzima. Usiku ule tu ndipo alipogundua kwamba siku hizi alikuwa haukumbatii tena mti.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya kumtoa nje, vifaru walijaa uani, vigelegele li-li-li-li! Bi Tamasha alikaa mbele kabisa, na miguuni pake kitu kilichofunikwa kwa kitambaa.

Bi Kidawa akampokea mjukuu mlangoni. Akachuchumaa. Nyayo ndogo zikagusa vumbi.

"Ngojeni!" akapiga kelele Bi Tamasha. "Kabla hajasimama, muione dawa ya mkwe wangu!"

Akavuta kitambaa, akakipindua kikapu. Gwala-gwala-gwala!

"Mawe!" akasema. "Nimekikuta bondeni, nimekifunua mwenyewe. Mawe matupu! Dawa hakuna! Huyu bibi yenu kamjengea Nguchiro nyumba, ukuta kwa ukuta!"

Uani pote wakaangua kicheko. Wengine walicheka mpaka wakaegemea wenzao.

Bi Kidawa, kule chini, akayatazama yaliyomwagika. Mawe? Basi kama dawa haikuwapo, magoti haya ni ya nani? Ni yale yale ya mkekani. Akalihisi jina la mama yake likimponyoka mdomoni. Mkono wake ukaanza kutafuta nguzo ya mlango ili aishike.

Hapo akamwona Nguchiro. Alikuwa anajipenyeza kati ya miguu ya watu, polepole, akielekea uchochoroni.

"Nguchiro we!" akanguruma. "Tapeli mkubwa! Leo nakukanyaga uwe chapati!"

Kicheko kikakatika ghafla. Watu wote wakawa wanamtazama.

"Nini?" akauliza kwa hasira.

"Mama," akasema mwanawe kwa sauti ndogo, "umesimama."

Bi Kidawa akatazama chini. Miguu ilikuwa chini yake, imenyooka. Mtoto alikuwa kifuani. Nguzo ya mlango ilikuwa mbali, hajaigusa. Akasikiliza. Magoti hayakusema neno.

"Kikapu nilikudanganya, mama!" Nguchiro akapaza sauti akiwa mbali. "Kamba na nguzo sikukudanganya!"

Bi Kidawa akainamisha uso kwa mjukuu wake.

"Sikudhani," akasema, na uani pote wakarudia, "Sikudhani!"

Kisha akamrudisha mtoto kwa mama yake, taratibu, akakunja kanga, na kumfuata Nguchiro. Vumbi likatimka, tifu-tifu-tifu! Vifaru walibaki vinywa wazi, kwani hawakuwahi kumwona bibi akikimbia. Nguchiro akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango, pu! Bi Kidawa akausukuma ukuta kwa bega, ukuta usitikisike.

"Sukuma tu, mama!" akacheka Nguchiro ndani. "Nyumba hii imejengwa na mwenye nguvu!"

Hadithi inakomea mlangoni pa Nguchiro, nanyi shikeni hili: mifupa na viungo hutunzwa na misuli iliyofanya kazi, si na wingi wa mwili wala wembamba wake.