Kiboko na Gemu ya Gunia Zima

Ting.

Mmesikia?

— Tumesikia.

Mmesikia nini?

— Ting.

Basi sogeeni, ngano inapita.

— Ipite, njia tumeiacha wazi.

Usiku mmoja kando ya mto ulisikika mlio huo mmoja tu, ting, kisha kimya. Watoto wote wa wanyama wakafumbua macho. Waliujua. Ulikuwa mlio wa runinga ya Kiboko ikiwashwa, na Kiboko hakuiwasha usiku ila gemu mpya imeingia.

Kulipokucha, foleni ilikuwa imeshafika kwenye matete. Kiboko alikuwa na kibanda cha gemu pale ukingoni, na ni yeye peke yake aliyejua njia ya kwenda kuzileta kutoka ng'ambo. Kila msimu alileta moja, ya mpira, ndani ya kisahani chembamba kinachong'aa. Kila msimu wanyama walinunua, wakaenda kuicheza majumbani mwao. Siku hiyo alikaa mlangoni, tumbo mbele, akaimba:

"Ni mpya, ni mpya, ni mpya kabisa. Jina utalijua ukishalipa."

Ngedere akauliza jina. Kiboko akasema, ukishalipa. Nguruwe akauliza bei. Kiboko akasema, gunia la mahindi.

Foleni yote ikaguna, mmmh, kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Mwaka jana kikapu, mwaka huu gunia. Nguruwe akataka kujua kulikoni, na Kiboko akamweleza kwa upole kwamba nyasi za uwanjani sasa ni za kijani zaidi, na kipa anatokwa na jasho.

"Jasho la kweli?" akauliza Nguruwe.

"Jasho linaloonekana," akasema Kiboko.

Waliguna tena. Lakini hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Aliyetoka alikuwa Mama Digidigi, naye alitoka kwa kwenda nyumbani tu, puku puku puku, akarudi puku puku puku, gunia kichwani. Ndani ya gunia mlikuwa na mbegu. Ndizo pekee alizobakiza, na upande wa milimani mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika. Lakini mwanawe alikuwa amegoma kula. Wenzake walimwambia hawachezi na mtu wa gemu kuukuu, naye akarudi nyumbani na kulala kifudifudi.

Nyuma ya kibanda, kwenye mawe, aliishi Pimbi. Mdogo, hana mkia, hana haya. Alimwona Mama Digidigi akipita, akaona shingo yake inavyotetemeka chini ya mzigo, akamuuliza amebeba nini. Mama Digidigi akamnong'oneza.

"Dada," akasema Pimbi, "usilitue kwanza hilo gunia."

Akaenda mbele ya Kiboko, akainama hadi pua ikagusa udongo. Akasema yeye kila siku anamtetea bosi. Wanyama hawa wanasema gemu mpya na gemu ya mwaka jana ni kitu kilekile. Yeye amewaambia waache wivu, maana bosi anaweza kuzitofautisha hata akisimama mlangoni.

Kiboko akacheka, ho, ho, ho. Akasema bila shaka anaweza.

Hapa niwaambie kitu. Kiboko hakuwahi kucheza gemu hata moja. Kidole chake kimoja kilibonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Aliuza tu.

Wakakubaliana. Runinga mbili, moja gemu mpya, moja gemu ya mwaka jana. Kiboko akae nje, atazame mtoni. Visahani aviweke Mama Digidigi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akidanganya. Cha zamani kilikuwa chake mwenyewe, kimetafunwa ukingoni, mwanawe alipokuwa akiota meno. Na Pimbi? Pimbi akasema yeye ni wa kufuta vumbi tu.

Runinga za Kiboko zilikuwa na vumbi la msimu mzima. Pimbi akaangalia ile ya kushoto, yenye gemu ya zamani, akaitemea mate, akaifuta, fyu, fyu, fyu, mpaka akajiona masharubu. Akaiangalia ya kulia. Akakumbuka kwamba amechoka.

Kiboko akaitwa. Akaingia, du, du, du, kibanda kikayumba. Akatazama kulia, akaona uwanja kama umefunikwa na ukungu. Akatazama kushoto. Nyasi zinawaka. Akainyooshea pua.

"Hii hapa. Tazameni nyasi. Tazameni jasho la kipa. Hii ndiyo yenye thamani ya gunia, na asiyeona akapimwe macho."

Mama Digidigi akabonyeza, tik. Kisahani kikatoka. Akakiinua juu, taratibu, na wote wakaona alama za meno.

Foleni ikasogea mlangoni kuzihesabu.

"Bosi," akasema Pimbi kwa adabu, "bei umeitaja mwenyewe. Na mimi ninayo moja kama hiyo nyumbani, nilinunua kwako. Nauza."

Nguruwe akasema hata yeye anayo. Ngedere akasema anazo mbili, moja ya shemeji yake. Foleni ilikuwa ileile, ila sasa mnunuzi alikuwa Kiboko.

Kiboko akasema ngojeni, amekosea, ya zamani ni ya kikapu tu.

"Sawa," akasema Pimbi. "Ya zamani ni kikapu. Na mpya, kwa macho yako mwenyewe, haifiki ya zamani. Basi tupangie."

Kiboko akafungua kinywa chote. Akakifunga, pwa. Akaona kwamba njia ya mlangoni imejaa wanyama, na kila mnyama anamtazama tumbo.

"Kikapu," akasema.

"Kisichojaa," akasema Pimbi.

"Kisichojaa," akasema Kiboko.

Wakanunua wote. Ndiyo, wote, gemu ileile isiyotofautika, na waliopiga kelele zaidi ndio waliosukumana zaidi. Pimbi alikuwa wa kwanza, na wiki nzima hakuonekana nje ya mawe yake. Mama Digidigi alitoa kikapu cha mahindi ya kula, gunia akalirudisha nyumbani. Mvua iliponyesha, alipanda. Mwanawe alikula sahani mbili, kisha akauliza gemu nyingine itatoka lini.

Ngano imepita.

— Vumbi lake je?

Limetua.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: bei usiulize. Lipa upesi, tena lipa kabla hujaona. Ukiwa na mbegu usizipande, maana mahindi huchukua miezi na gemu huwaka papo hapo. Na anayefuta vumbi kwenye runinga ya mwenzake ni mnyama mbaya, msimwige.

— Na jina?

Jina gani?

— La gemu.

Ah. Walipokwisha kulipa wote, Kiboko alijifanya anafunga kibanda. Mama Digidigi akamshika sikio, kwa heshima, akamwambia: baba, tumelipa, sasa litaje. Kiboko akatazama mto, akatazama miguu yake, akajikuna. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kwa mnyama mkubwa kama yule:

"Mabingwa wa Mtoni, Tena."