Mdomo Mmoja Dirishani

Hapo zamani, na si zamani ya wafalme na majini, bali zamani ile watu wazima walipokuwa wakipigana vikumbo kugombea sabuni, homa ya kifua iliingia katika mji mmoja wa kisiwani. Jina la mji silitaji. Wenyewe wako hai, na midomo wanayo.

Homa ile haikuwa na adabu. Haipigi hodi. Inaingia na pumzi, inakaa kifuani, na ikimkuta mzee inataka kuhamia kabisa na mikeka yake. Basi ikatoka amri: kila mtu avae barakoa. Tajiri avae, maskini avae, mwenye mdomo mzuri avae, na mwenye mdomo mbaya avae. Huyo wa mwisho tulimshukuru Mungu.

Lakini wako watu barakoa inawatesa kweli, kama mwenye pumu. Mpiga mbiu akapewa kipaza sauti, azunguke mitaani atangaze kuwa mwenye pumu asivae. Naye kwa utiifu wake akatangaza huku amevaa barakoa, tena ya kitambaa kizito. "Mwenye pumu asivae" ikamtoka "mwenye pua asivae." Kesho yake mji mzima uko nje, nyuso wazi. Ukimwuliza mtu, barakoa yako iko wapi, anakujibu, "Mimi pua ninayo, huioni?"

Daktari wa zahanati alikuwa binti mmoja aitwaye Nasra, mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia kuku. Akasema, "Basi tena. Ruhusa haitangazwi barabarani. Nitaitoa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba."

Sasa sikilizeni.

Katika mji ule alikuwako mwanamwali aitwaye Zuwena, fundi cherehani. Zuwena hasikii. Alizaliwa anasikia, akaugua utotoni, masikio yakafunga, ulimi ukabaki. Kwa hiyo anasema, tena kwa sauti kubwa, maana kelele zake hazimuumizi yeye. Na wewe ukisema, anakusoma mdomo. Hakosi neno. Ukimsengenya kutoka ng'ambo ya barabara, anakujibu. Mtaa wake ulikuwa na heshima kupita mitaa yote.

Barakoa zilipotakiwa, nani alizishona? Zuwena. Alishona za mji mzima, hata kanga zake akazikata. Na kila barakoa aliyoimaliza ilikuwa mdomo mmoja anaoufunga asiusome tena. Alipokuja kushtuka, mji umekuwa ukuta. Watu wanamsogelea, kitambaa kinatikisika, yeye hajui kama anaamkiwa au anaambiwa nyumba inawaka moto.

Akatokea Vuai, muoka mikate, kijana mpole mwenye unga hadi kwenye kope. Huyu alikuwa na akili. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbali na watu, akashusha barakoa, akasema polepole, "Zuwena, nataka kukuoa."

Zuwena akajibu, mtaa mzima ukasikia: "Nitafikiri!"

Wazee kusikia hivyo wakafanya kawaida yao. Posa ikapelekwa, posa ikapokewa, siku ikawekwa, mchele ukapepetwa. Ile "nitafikiri" haikuulizwa tena iliishia wapi. Nani angemwuliza, na kwa mdomo gani?

Siku ya ndoa ikafika na mvua ya masika ikafika nayo. Mwali hatoki nje, ndiyo desturi, na mvua ile hata bata asingetoka. Zuwena amekaa kitandani, amepambwa, ndani ya chumba cha bibi yake mzaa mama, Bibi Mize, ambaye ndiye aliyemlea. Na Bibi Mize homa ilikwisha kumpitia mara moja, ikamwachia nusu ya kifua.

Daktari Nasra akaja kukagua. Akatazama chumba: mlango mmoja, dirisha moja. Akasema, "Humu kila mtu atavaa. Ila kwa kuwa dirisha lipo, naruhusu mdomo mmoja uwe wazi, na uwe hapo dirishani. Mmoja tu. Mnanisikia?"

"Tunakusikia, daktari."

Alikuwa anavuta pumzi aendelee, akaitwa mbio kwenda kuzalisha. Akaondoka na mwavuli wake. Mdomo mmoja, amesema. Mdomo wa nani, hakusema.

Nyuma yake akaingia Maalim Kombo, barakoa juu, kilemba juu ya barakoa, macho tu. Amekuja kuchukua idhini ya mwali, kisha arudi msikitini afunge ndoa, maana bwana harusi anamngoja huko. Akakaa, akakohoa kikohozi kidogo cha heshima, akauliza ndani ya kitambaa, "Zuwena binti Makame, umeridhia kuolewa na Vuai bin Ame?"

Zuwena anamtazama.

Maalim akauliza tena. Zuwena anamtazama. Akauliza mara ya tatu. Zuwena akajikuna shingo.

"Alhamdulillahi," akasema Maalim. "Amenyamaza. Kunyamaza kwa mwali ndiyo ridhaa yake." Akainuka.

Zuwena akashangaa, akapaza sauti yake ileile: "Anakwenda wapi huyu? Alikuja kuazima nini?"

Bi Mosi, somo yake, akamwonyesha kwa mikono: kakuuliza, umenyamaza, kwa hiyo umekubali. Huyu Bi Mosi ndiye aliyemfunda Zuwena mambo yote ya unyago, na ndiye mwenye haki ya kumshika mkono mwali anapoulizwa.

Zuwena akasimama na mapambo yake yote.

"Nimekubali? Kimya changu ndiyo kukubali? Basi Maalim, mimi nimeshaolewa na mji mzima! Muuza maji kanisemesha asubuhi, nimenyamaza, mume wangu huyo. Muuza samaki kanisemesha jana, nimenyamaza, wa pili huyo. Wewe mwenyewe umenisemesha mara tatu, nimenyamaza. Twende nyumbani kwako basi, tukamwambie mkeo!"

Wanawake waliojazana ukumbini wakaangua kicheko mpaka barakoa zikaingia midomoni. Maalim akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Niulize kwa mdomo," akasema Zuwena. "Niuone. Nikiuona nitajibu. Nisipouona, hakuna ndoa, na pilau lenu kalileni matangani."

Sasa ndipo ule mdomo mmoja ukatafutwa.

Maalim, alipoelezwa maneno ya daktari, akasema, "Basi daktari alinikusudia mimi. Naomba dirisha."

Bi Mosi alikuwa ameshakaa pale dirishani, chetezo cha udi mkononi. Akasema, "Dirisha lipi, Maalim? Wewe unaumwa nini? Mimi nina pumu tangu usichana wangu, daktari ananijua, dawa yangu ya kupuliza hii hapa kiunoni. Nikivaa barakoa kifua kinapiga filimbi. Ruhusa ni ya mgonjwa. Wewe mzima kama ng'ombe wa Idi."

Bibi Mize akacheka kutoka kitandani. "Pumu gani hiyo inayochagua, Mosi? Moshi wa udi unauvuta tangu alfajiri, kitambaa cha Zuwena ndicho hukiwezi?"

"Udi naukohoa, Bibi Mize! Naukohoa, nameza, nanyamaza, kwa sababu mwali hatolewi bila udi. Yote mawili siyawezi."

"Basi nenda ukumbini kidogo, Maalim aulize, urudi."

"Nitoke? Mwali aulizwe somo yake hayupo? Watu watasema nimemfunda mtoto, nikamtupa siku yake ya ndoa. Sitoki mimi, labda mnitoe na dirisha."

Maalim akasema kwa upole, "Bi Mosi, ni kweli mimi mzima. Mgonjwa ni sikio la Zuwena. Lakini dawa ya sikio lake iko mdomoni mwangu. Utamnyima mgonjwa dawa kwa kuwa chupa haina homa?"

Neno hilo lilipendeza. Hata Bi Mosi alilipenda, lakini hakuinuka.

"Nyote wawili mna wazimu," akasema Bibi Mize. "Nyumba hii ya nani?"

"Yako, Bibi."

"Na kifua kinachoogopewa ni cha nani?"

"Chako, Bibi."

"Sasa daktari akija kwenye nyumba yangu kwa ajili ya kifua changu, atatoa ruhusa kwa mdomo wako wewe Kombo, niliyekujua hujaota meno? Mimi ndiye ninayefumbwa na kitambaa hiki nusu ya kifua ikihangaika. Nyinyi mkivaa, mimi nikaachwa wazi, nani atanidhuru? Mjukuu wangu ni mmoja. Nataka nikae dirishani nimpigie kigelegele cha kusikika msikitini. Baada ya hapo homa ije, nitaikaribisha chai."

"Yeye hatakisikia, Bibi," akasema Maalim.

"Ataniona nikikipiga! Wewe unadhani kigelegele ni sauti tu?"

Pilau limeiva. Mtu katumwa kutoka msikitini, anauliza mlangoni, "Bwana harusi anasema, je, bado anafikiri?" Na Zuwena katikati anageuza shingo huku na huku, vitambaa vitatu vinapanda na kushuka, haambulii hata neno. Machozi yakaanza kumlenga, wanja ukaanza kutembea. Binti hakuwa akimlilia Vuai, mnielewe. Alikuwa anakaribia kuozwa kama mbuzi, kwa kutazamwa tu.

Bibi Mize akaona chozi lile. Akatupa barakoa yake, akatambaa mpaka dirishani, akasema, "Zuwena! Unamtaka au humtaki?"

Papo hapo Bi Mosi kifua kikambana kweli, kwa udi na kwa ghadhabu. Akaishusha barakoa yake, akapuliza dawa, akahema dirishani, na kwa pumzi ya kwanza aliyoipata akasema, "Mwanangu, jibu unavyotaka wewe!"

Papo hapo tena Maalim Kombo akasema, "Astaghfirullahi, mimi mwali nisiyemuuliza simuozi," akavuta kitambaa mpaka kidevuni, akachomoza kichwa baina ya wale wanawake wawili, akauliza neno kwa neno, "Zuwena binti Makame, umeridhia?"

Midomo mitatu. Dirisha moja. Kwa pamoja.

Zuwena akaitazama midomo ile. Sijui alianzia upi, wala hakuna anayejua. Uso ukamchanua, akafuta wanja kwa kiganja, akapiga kelele iliyovuka dirisha, ikavuka mvua, ikafika msikitini penyewe:

"Namtaka Vuai! Namtaka! Sasa fungeni midomo!"

Msikiti mzima ukasikia. Naibu wa Maalim akafunga ndoa palepale, na Vuai wanasema alijibu "nimekubali" kabla hajaulizwa.

Huku nyuma mlango wa chumba ukafunguka. Daktari Nasra huyo, mwavuli unatiririka, kaenda kazalisha karudi. Akawakuta watatu wamebanana dirishani, nyuso wazi kama siku waliyozaliwa.

"Nilisema mingapi?"

Kimya. Na kimya hicho, kusema kweli, kilikuwa ridhaa.

"Nilitoa ruhusa moja," akasema daktari. "Mwenye ruhusa yake hana kosa, na akae na harusi, ale pilau na watu, amtunze mwali mpaka fungate liishe. Wawili waliofungua bila ruhusa wataingia karantini, kila mmoja chumba chake, chakula mlangoni, hakuna kumsogelea mwali wala msikiti. Haya. Mwenye ruhusa ni nani?"

"Mimi," akasema Bi Mosi, "kifua changu kinapiga filimbi, kisikilizeni."

"Mimi," akasema Maalim Kombo, "bila mdomo wangu ingekuwa dhulma, si ndoa."

"Mimi," akasema Bibi Mize, "na huyo mwenye kunifungia chumbani kwangu mwenyewe namngojea hapa."

"Mimi najua mapafu," akasema Daktari Nasra. "Mambo ya ndoa siyajui. Amueni wenyewe, mniambie ni nani nimfungie." Akavuta kiti mlangoni, akakaa.

Homa haikumpata hata mmoja wao, nawaambieni sasa hivi msije mkanililia. Lakini mji uligawanyika. Wenye vifua vibovu walikuwa na Bi Mosi: walisema ugonjwa ni ugonjwa hata ukipenda udi, na kama mgonjwa anaanza kupimwa kwa ulimi wa majirani, nani atapona? Wasomi walikuwa na Maalim, kwa lile neno lake la chupa na dawa, ingawa wake zao waliwauliza tangu lini mtu mzima akapata ruhusa kwa sikio la mwenzake. Wazee walikuwa na Bibi Mize bila kufikiri. Vijana wakawajibu kwamba mtu anayelindwa hawezi kuwa wa kwanza kuvunja ukuta, halafu aseme ukuta ni wake.

Wakamwendea Zuwena mwenyewe. Wakasimama mbali, wakashusha barakoa, wakamwuliza taratibu: siku ile ulijibu mdomo wa nani?

Zuwena akawasoma mpaka mwisho, akacheka, akageuza uso akatazama cherehani yake. Na Zuwena akishageuza uso, hata upige tarumbeta, humpati.

Basi pilau linapoa, na daktari yuko mlangoni na ufunguo mkononi. Nyinyi mliokaa hapa mnanikodolea macho, amueni: ruhusa ya mdomo mmoja ilikuwa ya nani? Ya mwenye pumu, ya aliyesemea sikio la mwingine, au ya mwenye kifua kilichowekewa ruhusa yenyewe? Je, nani alistahili?