Besi ya Marehemu Faki

Haya, sogeeni, na anayesinzia aamke, maana mwisho wa kisa hiki hukumu ni yenu.

Bi Raya wa Wete alikuwa na watoto watatu. Kombo alijaaliwa ulimi: angemuuzia mkulima karafuu zake mwenyewe. Shaame alijaaliwa sikio: gari likipita, hukwambia nati gani imelegea. Zuwena, fundi magodoro, alijaaliwa mikono.

Baba yao, marehemu Faki, alipiga besi katika taarabu, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama. Aliwaachia besi hiyo na kanda moja aliyorekodiwa akiipiga. Sasa masikio ya Bi Raya yalikuwa yanafunga. Sauti nyembamba zilishamtoka, zimebaki nzito tu.

"Kabla sijawa kiziwi kabisa," alisema, "nataka nimsikie baba yenu. Atakayenifanya nimsikie, besi ni yake."

Wakanunua sabufa, spika ya sauti nzito, wakaisukumiza kwenye pembe ya chumba. Kanda ilipolia, vikombe vilicheza kabatini na jirani akagonga ukuta. Lakini Bi Raya, kitini pake katikati ya chumba, hakusikia kitu. Machozi yakamlenga.

Kombo akakikalia kiti kile, naye asisikie kitu. Kumbe mlio mzito ulikuwa unafia pale katikati! Lakini kiti alikiweka Faki, na tangu afe hakuna aliyethubutu kukigusa. Kombo akapiga magoti. "Mama, Baba alikiweka hapa akuone akifanya mazoezi pale mlangoni. Leo hayupo mlangoni. Mfuate alipo." Bi Raya akainuka, na kiti kikasogezwa karibu na ukuta. Mlio ukaanza kumfikia, ila kwa mbali.

Shaame akaipandisha sabufa juu ya kiti cha mama yake, akawasha kanda, akatambaa sakafuni na kanzu yake, sikio chini.

"Huyu kapata wazimu," Zuwena akasema.

"Pale nitakapoisikia vizuri ikiwa kitini pa Mama," akajibu Shaame, "ndipo itakapokaa yenyewe, na Mama ataisikia vivyo hivyo akiwa kitini." Kando ya dirisha mlio ukatoka safi. Sabufa ikahamia hapo, Mama akarudi kitini.

Besi ikasikika, ila noti zilipandana, hii haijaisha ile imeingia, ukawa mngurumo mtupu. Zuwena akaleta magodoro mazito ya sufi, akayasimamisha pembe zote nne hadi darini. Mngurumo ukamezwa.

Bi Raya akainua kidole. Noti moja ilichelewa kidogo, ndipo ikaingia.

"Huyo! Faki wangu huyo! Siku zote nyuma kidogo, wenziwe wakimgombeza, yeye anacheka." Akalia kwa furaha.

"Bila mimi ungebaki palepale," akasema Kombo.

"Bila mimi sabufa ingebaki pembeni," akasema Shaame.

"Bila mimi ungesikia ngurumo, si mume," akasema Zuwena.

Wote wamesema kweli, na wote wanaitaka, kwani mbali na kanda, ndicho kitu pekee cha baba yao kilichobaki. Bi Raya aliahidi kumpa mmoja, na besi haikatwi vipande vitatu. Anaogopa kumpa mmoja akawapoteza wawili. Tena anataka kuisikia ikipigwa na mwanawe kabla masikio hayajafunga, na kila siku yanafunga.

Basi semeni upesi: ungekuwa wewe Bi Raya, ungempa nani?