Kwa Nini Madereva Hulaza Matawi Barabarani

Kabla barabara haijaupasua msitu, mbega hawakuwa na haja ya kukanyaga ardhi. Walivuka bonde zima juu kwa juu, mti hadi mti, na alfajiri wakanguruma. Warina asali wa ukoo wa Mbega waliungoja mngurumo huo kwa kila mtoto wao: kichanga hakutolewa nje wala kupewa jina mpaka mbega wangurume upande wa nyumba yake.

Barabara ilipokuja, miti ikaangushwa, mbega wakabaki ng'ambo. Waliojaribu kuvuka kwa miguu waligongwa na malori. Upande wa nyumba pakawa kimya.

Katika kimya hicho, mke wa mwana wa Tapnyobi, bibi mmoja wa ukoo huo, alijifungua. Kila alfajiri Tapnyobi alitega sikio, akasikia injini tu. Mjukuu akazidi kudhoofika gizani, bila hata jina la kumbembelezea, na bibi akawa anaogopa kumpakata, asije akamzoea.

Asubuhi moja akaona jike la mbega ukingoni mwa barabara, mtoto mweupe pe kifuani, likinyoosha mguu na kuurudisha. Kundi lilikuwa nyuma yake. Chini kabisa lori lilikuwa likipanda mlima. Tapnyobi akavunja tawi bichi, akalilaza njiani, kama warina asali wafanyavyo kwenye vijia vya msitu kumwambia ajaye: simama, mbele kuna jambo. Lori likalikanyaga, likapita. Mbega wakarudi mitini.

Tapnyobi akawaza kwamba mgeni hawezi kusoma tawi moja. Akateremka akilaza matawi, moja baada ya jingine, hadi kwenye kona. Mbega walipokuwa wakishuka tena, lori la pili likaja, likapunguza mwendo, likasimama.

"Mama, umetandika kitanda huku?"

"Kuna mbega wanavuka, mwanangu. Mmoja ana kichanga."

"Yaani nisubiri nyani?"

"Nyani angeshapanda kula ndizi zako. Hawa wana haya. Zima gari kidogo."

Dereva akacheka, akazima. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mbega huvuka hapo. Mbega wakavuka.

Alfajiri iliyofuata mngurumo ulitoka nyuma ya nyumba, na mtoto akatolewa nje akiwa hai.

Dereva yule naye, lori lilipomharibikia mbele ya safari, alikumbuka matawi, akayalaza nyuma yake. Wenzake wakaiga. Na tangu siku hiyo, gari likikwama, matawi mabichi hulazwa barabarani, na madereva hupunguza mwendo wakitafuta gari bovu. Watu wa ukoo wa Mbega wakiyaona hutazama mitini kwanza, wala hawapiti kabla ya kusikiliza.