Digidigi na Mteja Aliyejikunja

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, aliye mbali asogee!
Pakawa, tumesogea!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mahakama yao, Digidigi alisomea uwakili kwa Mwalimu Korongo. Sheria alizijua zote, akizighani kama wimbo. Siku moja Mwalimu akamwambia, "Leo hakuna kukariri. Leo unamtetea Mzee Kakakuona. Ngiri anadai mzee huyo amemlia mihogo yake. Mzee akishindwa kesi, anafukuzwa msituni."



Digidigi akamkimbilia Kakakuona, akamsomea sheria ya mashamba. Kakakuona akajikunja. Akamsomea sheria ya mipaka. Kakakuona akazidi kujikunja. Akamsomea sheria ya ushahidi. Kakakuona akawa duara la magamba, kimya.

"Mwalimu, mteja wangu hasemi!"

"Umemuuliza nini?"

Kabla Digidigi hajajibu, ngoma ya mahakama ikalia.

Ngiri akainua muhogo uliotafunwa. "Mheshimiwa, tazama alama za meno! Na mwizi huyo hapo, anaficha uso!"

"Afukuzwe!" wanyama wakapiga kelele. "Afukuzwe! Afukuzwe!"

Hakimu Nyati akaparua ardhi kwa kwato. "Wakili, sema!"

Digidigi akafungua kinywa. Sheria zote zikamtoroka.

"Wakili kameza ulimi!" Kima akacheka mtini.

"Wakili, sema!"

Nyati akaparua ardhi tena. Kwa kukosa la kusema, Digidigi akaketi mavumbini kando ya mteja wake, akanong'ona, "Shikamoo, mzee wangu. Naogopa."

Gamba moja likalegea. "Marahaba, mwanangu. Hata mimi naogopa."

"Mzee, wewe hula nini?"

"Mchwa. Nawaramba tu kwa ulimi."

"Na muhogo je?"

"Niutafune kwa meno gani?" Kakakuona akajikunjua, akaachama.

Digidigi akachungulia. Akachungulia tena. Akaruka juu. "Mheshimiwa! Hana hata jino moja!"

Nyati akainama, akatazama mwenyewe, kisha akamgeukia Ngiri. "Kamtafute mwenye meno. Mzee Kakakuona, nenda nyumbani kwako."

Njiani Digidigi akamgeukia Korongo. "Mwalimu, nilikaribia kumpoteza."

"Ulikaribia sana," Korongo akasema, wala hakumbembeleza. "Kesho unamtetea Nyegere."

"Kwani amefanya nini?"

"Mimi nitajuaje? Kamuulize."

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Aliyeisikia naye akawasimulie wa kwao.