Vijiti Vilivyobaki Kikombeni

Pwaa! Kisha sahani ya bati ikasikika ikizunguka sakafuni, ikazunguka, ikazunguka, hadi ikanyamaza. 

Mwokaji alikuwa ameipa keki mgongo, akifungua mlango ili ipite. Alipogeuka, macho yalimtoka pima. Keki ya harusi ilikuwa ya ghorofa tatu; mbili za juu zilikuwa zimelala chini kama walevi. Mdogo wake, mwashi mwenye kifua kipana kama mlango, alisimama kaduwaa. Kwenye ubao aliokuwa ameubeba ilibaki ghorofa ya chini peke yake, tena imebonyea katikati.

"Dada, haki ya Mungu sijajikwaa. Zimeporomoka zenyewe!"

"Zenyewe? Keki ina miguu? Ni hiyo mikono yako ya kubebea matofali! Toka! Usikanyage tena nyumba hii!"

Mwashi akaweka ubao mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akatoka.

Maharusi walikata keki ya dukani. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini siku hiyo mwokaji hakutaka kusikia la mhenga wala la mwendawazimu. Alimwambia jirani aje kesho yake achukue oveni. "Mimi na keki basi," alisema, kisha akaenda kulala, akageukia ukuta na kufumba macho. Nyumba ikapoa kama jiko la jana.

Binti zake wawili wakabaki na mabaki. Mkubwa waliyemwita Hakimu, kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea hukumu, alikusanya kwenye sinia vipande visivyogusa sakafu. Mdogo alikuwa Sisimizi. Penye sukari hakosekani. Wakaanza kujenga mji.

"Mama, njoo uone!" Sisimizi aliita. Akaita tena. "Mama, Hakimu anakula barabara!"

Mwokaji alitoka amefura, mkono tayari kwa kofi. Alipofika mezani, mkono ukamgandia hewani. Sinia lilikuwa na nyumba, ngazi na uwanja. Katikati ya mji alikaa mwanamke wa krimu, mdomo umepinda chini kama ndoano, uso bila macho.

"Huyu nani?"

"Wewe," Sisimizi alijibu.

"Mbona sina macho?"

"Umeyafumba tangu asubuhi."

Maneno yale yalimpiga kama maji ya baridi. Alitazama ule mdomo, akaugusa wa kwake. Kumbe ndivyo wanawe walivyomwona siku nzima! Akavuta kiti.

"Hata hivyo pua yangu si kiazi," alinung'unika. "Leta mfuko wa krimu."

Akaipunguza pua, akaweka macho, akaunyoosha mdomo. Sisimizi akadai mjomba naye awepo, na tumbo lake lote. Tumbo likawekwa, likawa kubwa hata likaziba barabara, na Hakimu akahukumu kwamba magari yapite juu yake. Mwokaji akacheka mpaka machozi yakamlenga. Kabla hajajua, mikono iliyoapa kuacha kazi ilikuwa ikipanga kipande juu ya kipande, ikisimamisha mnara.

"Mama, ngoja!" Hakimu alimshika mkono. "Hujaweka vijiti! Si wewe uliyetufundisha? Ghorofa ya chini bila vijiti vya kuibebea ya juu, itabonyea tu."

Akanyoosha mkono dirishani, akashusha kikombe. Kilikuwa kimejaa vijiti pomoni, vimekatwa kwa kipimo kimoja, havijaguswa.

Mwokaji alipigwa na butwaa. Vijiti vile alivikata mwenyewe kwa ajili ya keki ya harusi. Haraka ya alfajiri, simu za wenye shughuli, na yeye akapandanisha ghorofa tatu juu ya hewa! Akafumba macho. Keki ilikuwa imeporomoka kabla mdogo wake hajaibeba; ilikuwa ikisubiri kuguswa tu.

"Mama, mbona umefumba macho tena?"

"Nayafumbua, mwanangu. Nipe simu."

Mwashi alipokea kwa sauti nzito. "Naam, dada."

"Mdogo wangu, ni mimi niliyesahau vijiti. Mikono yako haina kosa. Ulimi wangu ndio wenye kosa."

Binti wawili walisogeza masikio.

"Kwa hiyo keki haina miguu?" mwashi aliuliza.

"Haina, ewe mwenye tumbo! Njoo ulione kwenye sinia kabla Sisimizi hajalimaliza."

"Na oveni? Jirani kaniomba nimbebee kesho."

Mwokaji alimtazama mwanamke wa krimu, ambaye sasa alikuwa na macho mawili makubwa.

"Mwambie haitoki. Nakuahidi, mdogo wangu, wanangu wakisikia: kesho nitaiwasha, keki ya kwanza itakuwa yako, na vijiti utavipanga wewe kwa mikono hiyo hiyo niliyoitukana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."